Fomu ya Maswali 19 na Daftari la Matanga

"Je, huwezi kukubali kwamba amekufa?"

Hilo lilikuwa swali la tatu, na mimi ndiye niliyelitafsiri. Mathe alimwangalia mshauri, akaniangalia mimi, halafu akauliza: "Nikikataa, nimwambie nani?"

Mshauri akasubiri. Fomu yake haikuwa na nafasi ya jibu kama hilo. Ilikuwa na visanduku vitano, kutoka "kamwe" hadi "kila mara", na kila kisanduku kina alama yake, sifuri mpaka nne. Biro ilikuwa mkononi mwangu. Nikaweka mbili. Mpaka leo sijui hiyo mbili niliitoa wapi.

Kwa kawaida hapa nahakiki riwaya na hadithi fupi. Leo nataka kusoma maandishi mawili ambayo hakuna atakayeyapa tuzo, na ambayo yote yalipita mikononi mwangu ndani ya mwaka mmoja, baada ya kaka yangu kugongwa na lori akiwa kwenye bodaboda yake Juja Road. Ya kwanza ni ile fomu. Ya pili ni daftari la kurasa 96 tulilonunua dukani hapo Mabatini usiku wa kwanza wa matanga. Yote mawili yanajaribu kuweka msiba kwenye mistari na namba. Nimeyasoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote niliyowahi kuhakiki, na bado yananisumbua.

Tuanze na fomu, kwa sababu ina historia. Jina lake la Kiingereza ni Inventory of Complicated Grief. Ilichapishwa mwaka 1995 na Holly Prigerson na wenzake huko Marekani. Ina kauli 19, kwa hivyo alama ya juu kabisa ni 76, na ukivuka 25 unahesabiwa kuwa maombolezo yako yamekuwa mazito kupita kiasi. Watu waliojaribiwa nayo ilipokuwa inatengenezwa walikuwa wazee 97 waliofiwa na wake au waume zao. Wazee, wenzi wa ndoa, msiba wa nyumba tulivu. Shika hiyo, tutaihitaji baadaye.

Kazi ya aina hiyo, na nyingine nyingi zilizofuata, ndizo zilizofanya maombolezo yasiyoisha yapate jina kwenye vitabu vya madaktari. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika Januari 2022, na yenyewe inasema angalau miezi sita. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka huohuo unasema miezi 12 kwa mtu mzima na sita kwa mtoto. Kwa hivyo kuna tarehe. Ikikupita na bado umezama, kuna mtu ana ruhusa ya kukupa jina.

Najua wengi wenu mnaosoma hii mmekutana na zile hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni, kukubali. Ziko kila mahali kwa simu, msee anakatika na mpenzi wa wiki tatu anasema yuko hatua ya nne. Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969 alikuwa anazungumza na wagonjwa waliokuwa wanakufa wao wenyewe, Chicago. Hakuwa anawapima waliobaki nyuma. Hatua tano nimeziacha hapo, kwa sababu fomu ya kauli 19 ni kitu makini zaidi na inastahili ubishi makini zaidi.

Kila maandishi yana mtu yanayemwazia. Ukisoma riwaya, unamhisi msomaji ambaye mwandishi alikuwa anamwambia. Nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, natafsiri, nilianza kumwona mtu wa fomu. Ana chumba chake. Ana mlango unaofungika. Ana marehemu mmoja. Ana mahali anapoweza kwenda na mahali anapoweza kutokwenda. Kauli moja inamuuliza kama anajitahidi kuepuka vitu vinavyomkumbusha marehemu. Nilipoitafsiri, mathe alicheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, na haikuwa kicheko kizuri. Kibanda chake cha chapati kiko Juja Road. Kutoka pale anapokandia unga mpaka pale lori lilipomkuta kaka yangu, unaweza kurusha jiwe. Anapapita asubuhi na jioni. Akiepuka, hatukuli.

Swali la sauti nalo. Je, unasikia sauti ya marehemu akiongea nawe? Hapa fomu inatafuta kitu kinachowatia madaktari wasiwasi. Mathe akasema si sauti yake, ni honi. Kaka alikuwa na tabia ya kupiga honi mara mbili fupi akikaribia mlango wa ploti, ili mtu amfungulie. Sasa pale kwetu kuna bodaboda kila dakika, na watu wengi hupiga honi mbili fupi. Kwa hivyo kila jioni, kuanzia saa moja, mathe anainuka nusu kutoka kwa stuli. Mshauri aliniuliza kama hiyo ni "mara nyingi" au "kila mara". Nikasema pikipiki zenyewe ni kila mara.

Halafu tukafika kwa uchungu. Kuna kauli inayouliza kama mtu ana uchungu kwa sababu ya kifo hicho, na kwa Kiingereza neno lililotumika lina maana ya kinyongo, ile hali ya mtu kuona dunia imemdhulumu. Nikatafuta Kiswahili chake. Nikasema "uchungu". Mathe akajibu haraka: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Hiyo ni methali, lakini kwake ilikuwa jibu, tena jibu kamili. Kiswahili kimeweka kwenye neno moja ladha ya mwarobaini, maumivu ya kujifungua, huzuni ya kufiwa na hasira ya kuonewa. Fomu ilitaka ile ya mwisho tu. Mathe alikuwa amejibu zote nne, na ukitaka kumtenganishia lazima umrudishe kwenye siku aliyomzaa. Niliweka nne, kila mara, nikijua kwamba nimejibu swali ambalo Prigerson hakuuliza.

Na wivu ndio ulinishinda. Kauli moja inauliza kama unawaonea wivu watu ambao hawajafiwa na mtu wa karibu. Mathe ni mtu wa kanisa, yuko kwenye kikundi cha kina mama, na wivu ni dhambi. Akasema kamwe. Nikaandika sifuri. Lakini mimi ndiye niliyemwona siku ile mtoto wa jirani aliponunua bodaboda mpya na watu wakashuka ngazi kuibariki. Mathe alibaki ndani, akakunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa. Nilikuwa na haki ya kuandika tatu? Mtafsiri wa riwaya akikuta mhusika anadanganya, anatafsiri uongo kama ulivyo na kumwachia msomaji agundue. Lakini fomu haina msomaji wa aina hiyo. Ina mjumlishaji.

Sasa, ningekuwa mwandishi mvivu ningeishia hapa. Fomu imetoka Marekani, haituelewi, tuitupe. Nilikuja na hiyo makala tayari kichwani. Kilichoiharibu ni swali la maumivu.

Kuna kauli inauliza kama unahisi maumivu kwenye sehemu ileile ya mwili ambayo marehemu aliumia. Nilidhani hiyo ndiyo ingekuwa ya ajabu kuliko zote. Nikaitafsiri haraka, nikitaka tuipite. Mathe akasema, "Mguu wa kushoto," kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. Kwa miezi saba nilikuwa nimemwona akiusugua huo mguu kila usiku kwa mafuta ya Robb. Nilikuwa nimemnunulia dawa za baridi yabisi. Lori lilimponda kaka yangu upande wa kushoto, kutoka kiunoni kwenda chini. Hakuna yeyote kati yetu, si mimi, si shangazi, si mchungaji, si wale kina mama wa kanisa, aliyewahi kumuuliza. Karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya wajane wa ng'ambo ndiyo ilimuuliza.

Kwa hivyo kabla ya kuichukia fomu inabidi nitembee kidogo, na kutoka Mathare si mbali. Kando ya Thika Road kuna Hospitali ya Mathari. Wanaoishi kwetu wanaijua kwa sababu ya utani: ukisema unatoka Mathare, mtu lazima aulize kama ni mtaani au ni ile ya wagonjwa wa akili. Ilifunguliwa mwaka 1910 kama hifadhi ya vichaa, na kuanzia mwaka 1938 mpaka 1950 ilisimamiwa na daktari mmoja Mwingereza, J. C. Carothers. Huyu bwana aliwaangalia Waafrika walioletwa kwake na akahitimisha kwamba sonona ni adimu kwetu. Alidai kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha kijitabu chake kingine, kinachoeleza saikolojia ya Mau Mau, yaani wakati uleule ambapo watu walikuwa wanafungiwa kambini na mama zao wanazika au hata hawaoni cha kuzika.

Angalia mbinu yake. Aliwahesabu waliofikishwa hospitalini. Mama aliyebaki kijijini, amekaa gizani, hali, halali, hamsumbui mtu, nani angempeleka Mathari? Hakuwa anavunja vyombo. Kwa hivyo hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa, ikaandikwa kwamba hayuko. Ilikuja kuonekana vingine baadaye, na ni vipimo vilivyoonyesha. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda. Walienda kwa watu nyumbani, wakauliza maswali yaliyotafsiriwa kwa Kiganda, na wakakuta sonona kwa wanawake wa pale ni kubwa kuliko ya wanawake wa Camberwell, London. Dodoso ndilo lililomkosoa mkoloni. Hiyo inanikera kidogo, kwa sababu ningependa iwe ni ushairi.

Basi nikubali: kuulizwa ni kitu. Swali baya lililotafsiriwa vibaya na kijana mwenye biro bado lilimwona mathe pale ambapo sisi hatukumwona.

Nije sasa kwa daftari, ambalo nalipenda zaidi na kwa hivyo nitalikemea zaidi.

Kama hujawahi kukaa kwenye kamati ya matanga Eastlands, mambo huenda hivi. Usiku wa kwanza watu wanakuja. Kuna hema au kuna turubai, kuna benchi za kuazima kanisani, kuna spika. Anachaguliwa mwenyekiti, mweka hazina na karani. Namba ya M-Pesa inatangazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa na picha ya marehemu akiwa amevaa suti ambayo hakuwa nayo. Na linanunuliwa daftari. Karani anachora mistari mitatu kwa rula: Jina, Ahadi, Ametoa. Kila usiku, baada ya maombi, linasomwa kwa sauti.

La kwetu linaanza hivi: Familia, 38,000. Hiyo ilikuwa karo yangu ya muhula. Sikurudi chuoni, ingawa sitajifanya ni daftari lililonifukuza, kulikuwa na mambo mengine na nilikuwa nimeshachoka na kile chuo. Lakini mstari wa kwanza ni huo. Unaofuata ni stage ya boda, 11,400, na mbele yake karani ameweka nyota. Wanaostahili nyota walikuwa wamekaa usiku mzima wakipita na kofia. Halafu: Mama wa maji, 200. Jirani wa ploti ya bluu, 150. Mzee wa kinyozi, 500, ametoa 300. Asiyetaka jina, 1,000. Wateja wa chapati, kwa jumla, 2,350. Kwenye ukurasa wa nne kuna mtu ameandikwa tu "Msee wa lori", 5,000, na hapo karani alibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Si dereva aliyemgonga. Ni mwingine, wa kampuni nyingine, ambaye alisikia na akaja kwa sababu anaendesha lori. Kuna riwaya nzima kwenye mstari huo, na karani hakuongeza hata neno.

Kama maandishi, daftari linashinda fomu kwa mbali. Halina kivumishi hata kimoja na bado ukimaliza unamjua marehemu: alifanya kazi wapi, alinyolewa na nani, alinunua maji kwa nani, nani alimpenda zaidi ya uwezo wake. Fomu inamtaja marehemu kila mahali na haijui lolote juu yake.

Lakini daftari lina ukatili wake, na tunaoishi nalo tunaufunika kwa sababu ni wetu. Linasomwa kwa sauti. Aliyeahidi 500 akatoa 300 anasikika na mtaa wote. Mfiwa anakaa mbele, amefunikwa leso, huku bei ya mwanawe ikijadiliwa: jeneza la mbao gani, gari la kwenda Vihiga la watu wangapi, mochari siku ngapi zaidi. Bili ya mochari hupanda kila siku inayopita, kwa hivyo tarehe ya mazishi inapangwa na hesabu. Nimeona familia, si yetu, zikikaa wiki nzima zaidi kwa sababu ya pengo la elfu kumi na tano, na wiki hiyo nzima mama halii vizuri. Analia nusu, kwa sababu bado kuna mkutano saa moja jioni.

Halafu linafungwa. Ukurasa wa 11 wa daftari letu, kwa wino mwekundu: "Kamati imevunjwa rasmi. Asanteni." Ilikuwa siku ya kumi na sita. Turubai likakunjwa, benchi zikarudi kanisani, kundi la WhatsApp likawa la kutumiana mistari ya Biblia na matangazo ya kazi za Qatar. Siku ya kumi na tisa mathe alikuwa anakanda unga.

Weka maandishi hayo mawili kando kwa kando. La kwetu linaisha wiki ya tatu. Lao linaanza mwezi wa sita. Katikati kuna miezi mitano ambayo hakuna anayeandika chochote. Huko ndiko mguu wa kushoto ulikoanza kuuma, na ndiko mathe alikojifunza kuinuka nusu.

Mwaka 2020 jopo la serikali kuhusu afya ya akili, chini ya Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza tume ambayo pamoja na mengine ingepima furaha ya Wakenya. Furaha. Nimesoma hilo pendekezo mara mbili kuhakikisha.

Kuna watu Mathare ambao pengo hilo liliwalazimisha kujenga kitu ndani yake. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu vijana wanaouawa na polisi mtaani, na jina la ripoti hiyo ni swali: nani anafuata? Ukiisoma kama maandishi ya msiba, kile kichwa tayari kinavunja fomu. Fomu inauliza kuhusu aliyekufa. Kichwa kinauliza kuhusu atakayekufa. Utapimaje miezi sita tangu msiba pale ambapo msiba bado uko njiani? Wale wazee 97 walikuwa na kifo kilichokwisha kutokea. Machi 30, 2020, usiku wa kafyu ya korona, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Alikuwa nyumbani kwao. Mama yeyote wa ng'ambo hii ya mto aliyesikia habari hiyo aliwatazama watoto wake kwa namna ambayo sijui ingejazwa kwenye kisanduku gani.

Kutokana na vifo vya aina hiyo ulizaliwa mtandao wa kina mama wa waathiriwa na manusura, wenye mizizi hapohapo kituoni. Wanakutana. Hilo ndilo jambo la kwanza, wanakutana, na si kwa wiki mbili. Ukichukua fomu ukawapa, nadhani wengi watavuka 25 na kuendelea. Hasira, kila mara. Kufikiria juu ya marehemu mpaka kazi nyingine zinakwama, kila mara. Lakini kwa mama ambaye faili ya mwanawe iko kortini, hasira ndiyo inayomwamsha apande matatu kwenda Milimani kusikia kesi ikiahirishwa tena. Kumbukumbu ni ushahidi. Akianza kusahau alivaa nini siku ile, wakili wa upande wa pili atafurahi. Huyo mama hawezi kuambiwa apunguze dalili kabla hukumu haijasomwa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema maombolezo yapimwe dhidi ya kawaida ya utamaduni wa mtu, na ni jambo la busara kulisema. Basi tuseme wazi kwamba utamaduni wetu si ngoma na leso pekee. Kuahirishwa kwa kesi kumo pia, na mwenye nyumba kugonga tarehe tano, na mafuriko ya Aprili 2024 kuwabeba watu na nyumba pamoja, halafu matingatinga kuja kubomoa zilizobaki kando ya mto.

Kutoka kituo hichohicho kuna Mathare Green Movement, ambao wamepanda miti kwa kumbukumbu ya waliouawa. Huo nao ni upimaji, ukifikiria. Mti una urefu. Unaweza kusema huyu aliondoka wakati ule unafika gotini. Na mti ukikosa maji utaona, kwa hivyo lazima mtu arudi. Nimewahi kusimama hapo mchana nikijaribu kuandika makala hii na nikaishia kumsaidia dogo mmoja kubeba mtungi.

Kwingine wamejaribu kuziba pengo kwa njia tofauti. Harare, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya wachache wa mtaa wa Mbare, waliofunzwa kuketi na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza. Wana fomu nao, maswali 14. Lakini fomu hiyo iliundwa kutokana na jinsi Washona wenyewe wanavyoitaja shida, na neno lake kubwa ni kufungisisa, kuwaza mno. Karibu na sisi, Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2020, na waliowaongoza kwenye vikao walikuwa washauri wa kawaida wasio na shahada ya saikolojia. Nikiwa mtu asiye na shahada ya chochote, hilo liliniinua roho.

Najiuliza fomu yetu ingeanzia kwa neno gani. Si uchungu, uchungu umejaa sana. Ningeanza na swali moja ambalo halimo kwenye zile 19: nani bado anakuja? Wangapi waligonga mlango baada ya turubai kukunjwa? Na alama zihesabiwe kwa mtaa, mfiwa aachwe.

Nimechelewesha swali moja. Kuna kauli kwenye fomu inauliza kama unahisi si haki kwamba wewe unaishi na marehemu hayupo. Nilipoitafsiri, mathe hakumwangalia mshauri. Aliniangalia mimi. Tulikuwa watoto wawili. Mmoja aliacha shule Form Two ili mwingine aende chuo, na aliyeenda chuo ndiye aliyekuwa ameketi pale na biro. Sijui alikuwa anajibu kwa niaba ya nani. Alisema, "Pita hiyo." Nikapita. Hakuna kisanduku cha kupita, kwa hivyo mshauri alijumlisha kama sifuri. Jumla ikawa 43. Ilikuwa tupimwe tena baada ya miezi mitatu, lakini mradi uliokuwa unalipia ile huduma ukaisha, na chumba sasa ni cha kuuza simu.

Kuhusu daftari, lazima nisahihishe kitu nilichosema. Nilidhani limefungwa. Nililikuta mwezi uliopita chini ya godoro la mathe, limefunikwa karatasi ya nailoni, na kuanzia ukurasa wa 12 kuna mwandiko mwingine, wake, wa herufi kubwa zinazopanda mlima. Kumbe kila jirani akifiwa, mathe hulitoa, hutafuta jina, huangalia huyo mtu alitoa ngapi usiku ule, halafu huongeza kidogo. Kuna tarehe kumi na nne. Ya kwanza ni ya mwezi wa pili baada ya mazishi, ndani ya ile miezi ambayo nimeandika hapo juu kwamba hakuna anayeandika chochote.

Jumatano iliyopita mzee wa kinyozi alifiwa na mkewe. Mathe alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari, akasoma kwa sauti ndogo: ahadi mia tano, ametoa mia tatu. Akanipa simu nimtumie, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri zile namba. Nikauliza mia tatu na ngapi. Akasema, "Mtumie mia tano. Na ukimaliza, twende tukakae naye."